Mwanaume Kaumbiwa Mateso

Msemo huu utausikia kila mahali wanaume wanapokusanyika: kijiweni kwa muuza kahawa, kwa kinyozi, kwenye stendi ya bodaboda, hata msibani, nje chini ya turubai. Mtu ataeleza kwamba mwezi wa tatu huu hajaona mshahara, au mama watoto amerudi kwao, au mguu unakufa ganzi usiku. Wenzake watanyamaza kidogo. Kisha mmoja atamshika bega: "Jikaze, ndugu yangu. Mwanaume kaumbiwa mateso." Vichwa vitatikiswa, kashata itapitishwa, na maongezi yatarudi kwa Simba na Yanga.

Siudharau msemo huu. Nimewahi kuambiwa nikiwa na majonzi makubwa, na aliyeniambia alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Mtoni hadi kwangu Tandika ili aniambie. Ulikuwa ndio mkate pekee aliokuwa nao, akaumega. Anayeusema mara nyingi husema kwa upendo. Anataka kukujulisha kwamba na yeye yamemfika, na hayakumuua.

Kinachonisumbua ni kwamba baada ya maneno hayo hakuna kinachofuata. Mtu akishaambiwa kuwa mateso ndilo umbo lake, hana tena cha kuuliza. Hawezi kuuliza yametoka wapi, wala yanaondokaje, wala nani mwingine yalimpata na alifanyaje. Anamaliza kahawa yake, anaaga, anarudi nyumbani na mzigo uleule. Nimefika umri wa kuwazika wanaume wa rika langu, na kila nikiwafikiria mmojammoja naona kwamba sehemu kubwa ya yale tuliyoyaita maumbile yalikuwa mambo yenye jina, yenye dawa, na yenye mtu wa kwenda kumuuliza. Ndiyo maana naiandika sura hii.

Wako wanaosema msemo tumeurithi jandoni. Sikubaliani nao. Kwa Wayao, Wamakonde, Wazaramo na wengine wa pwani na kusini, jando halikuwa kisu tu. Kijana alikaa huko porini na wenzake wa rika moja, chini ya wakubwa waliowekwa mahsusi kuwalea. Ni kweli aliambiwa asilie mbele ya ngariba. Lakini usiku uleule kulikuwa na mtu mzima wa kumwangalia kidonda, wa kulala karibu naye, wa kumfundisha kwa nyimbo mambo ambayo baba yake mzazi asingeweza kumtamkia: mwili utabadilikaje, mke huishiwaje naye, mkubwa hutunzwaje akizeeka. Leo vijana wengi hutahiriwa hospitali. Hilo ni jambo jema. Tangu mwaka 2007, Shirika la Afya Duniani limependekeza tohara ya kitabibu baada ya utafiti wa Afrika Kusini, Kenya na Uganda kuonyesha kwamba inapunguza kwa takribani asilimia 60 hatari ya mwanaume kuambukizwa VVU kutoka kwa mwanamke, na maelfu ya wanaume wa Iringa, Njombe na mikoa mingine wameifuata. Kijana huingia asubuhi na kutoka siku hiyohiyo, na kidonda hupona vizuri. Ila jando lilipoondoka, katika mafunzo yake yote tulibaki na lile moja la kutolia. Yule mtu mzima wa kulala karibu hatukumtafutia mbadala.

Baba yangu mdogo alikuja Dar es Salaam kutoka Muheza kwa ajili ya harusi, akakaa kwangu baada ya harusi kwisha. Choo chetu kipo nje, karibu na dirisha la chumba ninacholala. Usiku nilisikia mlango wake ukifunguliwa, kandambili zikiburuzwa uani, kisha bomba likifunguliwa na kuachwa litiririke. Muda mrefu. Bomba likafungwa, kandambili zikarudi. Kabla sijapata usingizi, mlango tena, kandambili tena, bomba tena. Ilinichukua muda kuelewa kwamba bomba lilifunguliwa ili tusisikie kwamba hakuna sauti nyingine inayotoka mle chooni.

Asubuhi nilimkuta amekaa kwenye kigoda anapiga mswaki.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Naona wewe hukulala vizuri."

"Nimelala. Joto lenu hili la Dar es Salaam tu."

Mtoto hamwulizi baba yake mdogo habari za mkojo. Nilimpigia simu mama mdogo kule Muheza, nikazunguka kwa salamu za shamba na za wajukuu, na nilipofika penyewe akavuta pumzi. Alikuwa anajua kila kitu. Alikuwa amekatazwa kusema, hata kwa watoto wake wa kuwazaa. Shuka anafua yeye alfajiri kabla watu hawajaamka, ndivyo alivyoniambia, na tayari walikuwa wamezoea.

Tezi dume ni kitu kidogo. Iko chini ya kibofu, imeuzunguka mrija unaopitisha mkojo. Mwanaume akivuka miaka 50, mara nyingi huanza kukua, na ikikua huubana ule mrija. Mtu anaamka usiku mara kwa mara, anasimama akisubiri, mkojo unatoka kwa kukatikakatika, na anaondoka akihisi bado haujaisha. Kwa wengi huo si ugonjwa wa saratani hata kidogo. Ni tezi iliyonenepa tu, na ziko dawa za kumeza, na upasuaji kwa anayeuhitaji. Hatari iko kwenye kunyamaza. Mkojo unaobaki kibofuni miezi na miaka huleta maambukizi, na ukirudi nyuma huharibu figo. Kuna pia saratani yenyewe ya tezi dume, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanaume wa Tanzania. Hii mwanzoni haitoi dalili yoyote, na taasisi ya Ocean Road inawapokea wagonjwa wengi wakati imeshafika kwenye mifupa. Kipimo cha kwanza siku hizi ni cha damu, kinaitwa PSA. Daktari anaweza kuongeza kile cha kidole, ambacho huchukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu. Lakini kidole hicho kimefanyiwa mizaha kiasi kwamba nimewasikia watu wazima, wenye wajukuu, wakiapa mbele za watu kuwa ni heri kufa. Mizaha hiyo huichangamsha sana meza. Mimi huitazama meza na kuhesabu ni nani kati yetu amevuka 50.

Baba mdogo hakwenda kupima kwa hiari. Usiku mmoja mkojo uligoma kabisa. Alifika chooni, akafungua bomba, akakaa, na safari hii niliposikia nilichosikia nilitoka bila kungoja ruhusa. Alikuwa ameshika ukuta kwa mikono miwili, jasho linamtoka, tumbo limejaa chini ya kitovu kama la mama mjamzito. Tukampakia kwenye bajaji, akishikilia chuma cha paa na kufumba macho kwenye kila tuta la barabarani.

Muuguzi wa zamu alikuwa kijana wa umri wa mwanawe wa mwisho. Alimsalimia vizuri, akavuta pazia, akamweleza kila anachotaka kufanya kabla ya kukifanya, akamwekea mpira wa mkojo. Mfuko ulianza kujaa papo hapo. Nilisimama upande wa kichwani nikiangalia ukuta ili nisimwaibishe, lakini nilimsikia akishusha pumzi ndefu. Kisha akasema taratibu, bila kumwambia mtu yeyote: "Kumbe wenzangu wanaishi hivi."

Daktari alipomuuliza hali ile ilianza lini, alifikiri, akajibu kwamba ni tangu alipozaliwa mjukuu wake wa kwanza. Mjukuu huyo yuko darasa la tatu. Daktari aliandika bila kumkemea, na namshukuru kwa hilo. Baadaye, wakati tunasubiri majibu ya damu, nilimuuliza baba mdogo kwa nini hakusema. Akaniambia mambo mawili. La kwanza, alidhani ni uzee, na uzee hauna hospitali. La pili alilisema akiwa ameinamisha kichwa: aliogopa kwamba akianza kuulizwa habari za huko chini, wataendelea kumuuliza na ya chumbani, na atalazimika kujibu. Damu ilikuwa salama. Ilikuwa tezi iliyokua, basi. Ule usingizi wote alioukosa, na shuka zote zile za alfajiri, vilikuwa na dawa ambayo ilikuwa ikiuzwa muda wote huo katika mji anaopita kwenda sokoni.

Nimejiuliza sana kwa nini mama mdogo, mwanamke wa umri uleule, kijiji kilekile na elimu ileile, anajua njia ya zahanati na mumewe haijui. Si kwa sababu wanawake ni jasiri kuliko sisi. Nadhani jibu liko kwenye kadi ya kliniki. Mtoto akizaliwa, wa kiume na wa kike, anakuwa na kadi: anapimwa uzito, anachanjwa, mama anapewa tarehe ya kurudi. Kadi hiyo inakwisha akifika miaka mitano. Msichana ataipata nyingine akibeba mimba, na kwa miaka mingi ya ujana wake kutakuwa na muuguzi anayemuuliza anakulaje, analalaje, damu yake ikoje. Mvulana haipati tena. Tangu miaka mitano hadi siku atakapoanguka, hakuna ofisi inayomsubiri, hakuna tarehe iliyoandikwa, hakuna anayemuuliza. Mwanaume mwenye miaka 45 akiingia zahanati bila jeraha anajihisi kama amekosea mlango, na mabenchi yaliyojaa akina mama na watoto wachanga yanamthibitishia hivyo.

Serikali nayo iliuona mwanya huo. Juni 2018, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alizindua Dodoma kampeni ya Furaha Yangu ya kupima VVU, na walengwa wake wakuu walikuwa wanaume, kwa sababu walikuwa nyuma ya wanawake katika kupima na katika kuanza dawa. Wengi wetu tulikuwa tunapima kwa mgongo wa mke. Akirudi kliniki na majibu mazuri, mume anahema na kujihesabu salama, ingawa kila mtaalamu atakuambia kwamba ndani ya nyumba moja mmoja anaweza kuwa na virusi na mwenzake asiwe navyo.

Nimeanza na mwili kwa sababu ndio ulio rahisi kuelezea. Upo mzigo mwingine ambao wanaume huuficha kuliko hata tezi, nao ni deni.

Mtaani kwetu kuna fundi cherehani, mtu mpole, kahawa yake hunywa amesimama kwa sababu siku nzima amekaa. Aliacha kuja. Siku ya kwanza hakuna aliyejali, ya pili tukasema labda ana kazi nyingi. Kisha simu zetu zikaanza kuingia meseji kutoka namba tusizozijua: jina lake, picha yake, neno MWIZI kwa herufi kubwa, na maelekezo kwamba tumwambie alipe. Alikuwa amekopa kwenye moja ya zile programu za simu ambazo zinakukopesha kwa dakika chache, kisha zinapekua orodha ya watu wote uliowahifadhi kwenye simu yako. Tatizo limekuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu na majukwaa 69 ya kukopesha mtandaoni yasiyo na leseni, ikawaonya wananchi. Watu wanaiita mikopo hii kausha damu. Mkopeshaji wa namna hii hataki hati ya nyumba wala kadi ya pikipiki. Anachochukua dhamana ni aibu yako, na anajua kwamba mwanaume atauza hata kitendea kazi chake kabla hajakubali majirani wajue.

Tulikwenda kwake jioni, watu wanne, tukiongozwa na mzee muuza kahawa mwenyewe. Mkewe alitutolea viti uani. Fundi akatoka, akatusalimia kwa furaha iliyopita kiasi, akasema mambo yanakwenda, kazi nyingi tu, wiki ijayo atarudi kijiweni. Mimi nilikuwa tayari kuitikia. Ndivyo tulivyolelewa: mtu akikwambia salama, unaipokea salama yake. Mzee hakuipokea.

"Mwanangu," alimwambia, "hatujaja kusikia kwamba yanakwenda. Meseji tumeziona wote. Deni shilingi ngapi?"

Fundi aliangalia mlangoni, mkewe alipokuwa amesimama. Kisha akataja. Alikopa 150,000, ikawa 380,000. Cherehani alikuwa ameshaipatia mnunuzi, ilikuwa ichukuliwe kesho yake.

Shilingi 380,000 si pesa ndogo Tandika. Lakini kwa watu wanne na mtaa mzima wa watu wanaomfahamu, ni jambo la kikao kimoja. Ilikuwa Desemba, na Januari kila nyumba ingehitaji sare za shule. Kila mmoja wetu alilipia sare za watoto wake mapema, mzee akapita kwa majirani wengine kuwaomba nao wafanye hivyo, na cherehani haikutoka ndani. Hatukumpa msaada, tulimpa kazi yake mwenyewe kabla ya muda wake. Kilichokuwa kigumu kilikuwa ni lile swali la mzee, na ukimya uliolifuata, ambao sisi wengine watatu tungeukatisha kwa kusema "jikaze" kama yeye asingekuwepo.

Wake zetu walikuwa wameshalifikia hili zamani. Kwenye kikoba chao, kila wiki, mwanamke anasimama mbele ya wenzake na kusema anataka kukopa kiasi gani na kwa sababu gani: ada, matibabu, mume amefukuzwa kazi. Inaandikwa kwenye daftari. Mwanzoni nilidhani daftari lile ni la fedha tu. Sasa nadhani ni mahali pekee mtaani ambapo shida ya mtu husemwa kwa sauti ya kawaida, na ikajibiwa kwa tarehe na kiasi. Kijiwe chetu cha kahawa kina umri mkubwa kuliko kikoba chao, na tunakutana kila siku, na kabla ya jioni ile sikumbuki mtu kutaja pale tarakimu ya deni lake.

Msomaji mmoja wa rasimu ya kitabu hiki, mtu ninayemheshimu, aliniuliza: wanaume wote wakianza kueleza machungu yao, nani atabeba nyumba? Swali lake ni la haki. Mimi ni mtoto wa dereva wa lori la mkonge, najua uvumilivu ni nini na najua ulichonunua: ada zangu zote. Siombi uvumilivu uondoke. Lakini mtazame mbeba mizigo wa Kariakoo. Gunia la kilo 100 halipandi mgongoni kwake kwa nguvu zake peke yake. Anainama, anaita, wenzake wawili wanalinyanyua na kumtwika, ndipo anaondoka nalo. Akifika anapokwenda anaita tena, watu wanamtua. Hakuna anayemwona dhaifu kwa kuita. Asipoita, ndiyo siku anayovunjika kiuno, na nyumba anayoibeba inaanguka naye.

Wala lugha ya kulia si ngeni kwetu, kana kwamba imeletwa na semina. Shaaban Robert, karani wa serikali aliyezaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, alipofiwa na mkewe Amina alimwandikia shairi la kumlilia lenye jina lake, tena akalichapisha, likasomwa na kila mtu hadi leo. Mwanaume huyohuyo alikaa chini akamtungia binti yake utenzi mzima wa malezi, na mwanawe wa kiume utenzi mwingine. Hajatokea mtu aliyesema kwamba alipungukiwa uanaume. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyefariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, aliimba shida za maisha kwenye wimbo wenye jina hilohilo, Shida, na wanaume waliokuwa na sauti nzito wakauimba naye kwenye kumbi za dansi bila haya. Remmy Ongala alilia na kifo kwenye wimbo wake, nasi tukacheza. Na wenye umri wangu wanaikumbuka Oktoba 14, 1999, Rais Benjamin Mkapa alipolitangazia taifa kifo cha Mwalimu, kwa sauti iliyokuwa inapambana na machozi. Nchi nzima ilimwelewa. Tunawaruhusu washairi, wanamuziki na marais kwenye msiba mkubwa. Fundi cherehani wa Tandika naye anahitaji ruhusa hiyo, siku ya Jumanne, kwa jambo dogo.

Kwa sababu jambo dogo lisiposemwa linakua, na liko linakofikia. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu 700,000 hufa kila mwaka kwa kujiua, na kiwango cha wanaume ni zaidi ya mara mbili ya kile cha wanawake. Sitasimulia hapa habari za mtu ninayemjua. Familia yake bado ipo. Nitasema la sheria. Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichokuwa kinamfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakwenda kinyume na katiba. Kwetu Tanzania jaribio hilo bado limeandikwa kwenye Kanuni ya Adhabu kama kosa. Natamani libadilishwe, na natamani hivyo kwa moyo wangu wote, kwa sababu mwanaume aliyefika ukingoni na akarudishwa anahitaji mtu wa kukaa naye na daktari wa kumtibu. Huzuni nzito isiyoondoka ni ugonjwa, na unatibika. Tumeshalifanya jina la Mirembe, hospitali iliyoko Dodoma tangu enzi za Waingereza, kuwa tusi la kutaniana, na kila tukilitumia hivyo tunamfungia mlango mmoja wa wanaokaa nasi kijiweni.

Ukiwa na wasiwasi na rafiki yako, muulize. Muulize kwa maneno yaliyo wazi kama ana mawazo ya kujidhuru. Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Madaktari wanalisema hili kila mara. Kisha usimwache peke yake, na mfikishe hospitali kama ambavyo ungemfikisha aliyevunjika mguu.

Kwangu mimi kazi hii ya kujifunza imehamia kwa mwanangu wa kiume, mwenye miaka 16. Nina presha. Presha ya juu haiumi popote; inaweza kukaa na mtu miaka bila dalili, kisha ikamwangusha kwa kiharusi asubuhi moja. Inajulikana kwa kipimo tu, na ikivuka 140 kwa 90 na kubaki huko, ni jambo la daktari. Nimeamua kwamba kila ninapokwenda kliniki, kijana nakwenda naye. Anakaa kwenye benchi pembeni yangu, anamwona baba yake akikunja shati, anasikia namba zikisomwa. Kuna siku muuguzi, mwanamama wa makamo anayetuita wote "baba", alimpima na yeye, 116 kwa 72, na kijana akatoka na karatasi yake ameikunja mfukoni.

Mwezi uliopita muuguzi huyo aliniuliza: "Baba, usingizi unapata?"

Nilimjibu kwamba siupati vizuri tangu mama yangu alipofariki. Sikuwahi kulisema hilo mbele ya mwanangu. Muuguzi aliandika, akaniuliza maswali mengine mawili matatu, akaniambia nikaonane na daktari kabla ya kuondoka, na daktari tukaongea naye vizuri.

Kwenye daladala tulipata siti ya nyuma. Kijana alikaa kimya hadi tukapita Temeke Hospitali, kisha akauliza: "Baba, huwa unamuota bibi?"

"Namuota. Mara nyingi anapepeta mchele, kule Muheza."

"Mimi namuota yupo hapa kwetu, ananigombeza kwa sababu ya viatu."

Nikamwambia viatu hata mimi alinigombeza, tena nikiwa na mke. Akacheka, akaniuliza mengine: bibi alikuwaje nilipokuwa na umri wake, babu alikuwa akimwogopa kweli au walikuwa wanatania, na ule wali wa nazi aliokuwa anaupika Idi alitumia mchele gani. Mimi nikasema wa Kyela, yeye akashikilia kwamba ni wa Ifakara kwa sababu alikuwa akitumwa dukani na bibi mwenyewe, na tuliposhuka Tandika Sokoni bado tulikuwa tunabishana.